Kununua Tena Nilichokuwa Nacho

Mimi ni Mpare, na niseme mapema ili mnielewe: kwetu kitu kikishanunuliwa kimenunuliwa. Sufuria ikitoboka inazibwa. Mwavuli ukivunjika mbavu unafungwa uzi. Kwa hiyo nilipoona tangazo kwenye simu kwamba gemu zangu tatu za zamani za mbio za magari zimesafishwa upya na zinauzwa pamoja kama mkusanyiko mmoja, nilikasirika. Gemu zile ninazo. Nilizinunua kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu. Leo mtu ananiambia amezifuta vumbi na kuzipaka rangi, nimlipe tena? Niliweka simu kando, nikasahihisha madaftari ya darasa la sita kwa hasira, na watoto wa watu siku hiyo walipata alama ambazo hawakustahili.

Baada ya dakika kumi nilikuwa nimeichukua tena simu.

Sababu ilikuwa baba mkwe wangu. Niliolewa Kilema, huko juu mlimani, kwenye familia ya Wakatoliki wa kahawa na ndizi, na mnajua utani uliopo kati ya Wapare na Wachagga. Siku nilipopelekwa kutambulishwa, mzee aliniangalia mbele ya wageni wote akauliza kama nimekuja na kesi yangu kabisa au nitafungua nyingine hukohuko, maana alisikia Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Nilikuwa nimefundishwa na shangazi zangu niinamishe macho na ninyamaze. Nikainamisha macho, lakini kunyamaza kulinishinda. Nikajibu kwamba nimekuja kuhakikisha kama ni kweli Mchagga akizimia hudondoshewa sarafu karibu na sikio, asipoamka ndipo anazikwa. Mama mkwe akajiziba mdomo kwa kitenge. Kisha mzee akacheka mpaka akashika meza.

Tukapendana tangu siku hiyo, lakini kwa mipaka yake. Mkamwana ni mkamwana. Unapiga goti kidogo, unasema shikamoo baba, unaandaa chakula, unaondoka. Huketi na baba mkwe ukapiga soga kama na mjomba wako.

Gemu ndiyo iliyotuketisha. Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza nilipelekwa Kilema kulelewa, kama desturi yao inavyotaka. Miezi mitatu mizima mama mkwe hakuniruhusu hata kuosha kikombe. Kazi yangu ilikuwa kunyonyesha, kulala na kunywa mtori, zile ndizi zinazopondwa na nyama mpaka zinakuwa laini, asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya tatu nilikuwa nimenona na nimechoka kunona. Nikamwomba mume wangu aniletee mashine yangu ya gemu kutoka mjini, niiweke kwenye runinga ndogo ya chumbani.

Mzee alikuja kumwona mjukuu, akasimama mlangoni kwa heshima, fimbo mkononi. Mtoto alikuwa amelala na mimi nilikuwa katikati ya mbio.

"Hilo gari linakwenda wapi?" aliuliza.

"Linashindana, baba."

"Na mbona dereva wake mjinga hivyo? Kona ile ilitaka breki mapema."

Baba mkwe wangu hajawahi kuendesha gari hata siku moja katika maisha yake. Nikampa pedi ya pili ya kuchezea, nikamwambia karibu, tuoneshe basi. Siku ile aligonga kila kilichosimama. Kesho yake alirudi. Kufikia mwisho wa mwezi alinishinda, na tangu hapo hajaacha kunishinda. Nimeshindwa nikiwa na mtoto mmoja, nikashindwa nikiwa na wawili.

Ikawa kila Jumamosi tukipanda kutoka Moshi, baada ya chakula cha mchana vinawekwa viti viwili na hakuna wa kutusumbua. Barabara za gemu alizipa majina yake. Kona kali aliiita Kona ya Padri, kwa sababu hata ukiwa na haraka pale lazima upunguze mwendo. Mteremko mrefu aliuita Kwa Sadala, kwa kuwa mkewe akishateremka kule sokoni harudi mpaka kapu lijae. Na tukiwa tunaendesha, macho yetu yote manne kwenye runinga, tuliongea. Sijui niielezeje hali ile. Mambo ambayo mkamwana hawezi kumwambia baba mkwe uso kwa uso nilimwambia nikiwa nakata kona. Nilimwambia naogopa mimba ya pili. Yeye aliniambia juu ya mwaka aliotaka kung'oa mibuni yote apande nyanya, na jinsi alivyosimama shambani na panga akashindwa. Wanawe wa kuwazaa hawakuwa wakiyajua hayo. Nilimpenda mzee yule, na Jumamosi zile nilizipenda kuliko sikukuu.

Basi diski ikaanza kuzeeka. Niliipaka dawa ya meno kama tunavyofanya wote, nikaifuta kwa pamba, lakini bado magari yaligoma mzunguko wa tatu. Hilo ndilo lililonirudisha kwenye tangazo. Mume wangu ana mashine mpya mjini ya kuchezea mpira, na mkusanyiko ule ungeingia humo bila shida. Ninunue, au nisinunue? Na ikiwa wameisafisha mpaka si ileile tena?

Kulikuwa na jambo la pili, kubwa kuliko la diski, na sote tulilijua ila hatukulisema. Macho ya mzee yalikuwa yanapungua. Daktari aliyekuja zahanati alimwangalia akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba ugonjwa huo unatibika kwa upasuaji mfupi tu, lakini asichelewe. Mzee akamshukuru, akarudi nyumbani, akasema macho aliyonayo yanamtosha kuiona kahawa yake na mke wake, hao wengine hana haja nao. Mume wangu alijaribu kumgusia mara moja. Mzee akamuuliza habari za bei ya mbolea.

Na kahawa yenyewe ilikuwa imeshasema. Mzee alikuwa mchambuaji wa kusifika, majirani walimletea trei zao awachambulie, punje moja nyeusi ilikuwa haimpiti. Msimu uliopita gunia lake mwenyewe lilirudishwa kwa sababu ya punje mbovu. Alisema wajukuu walichanganya. Tukaitikia wote kwa pamoja kwamba ndiyo, wajukuu hawa, wajukuu hawa. Mimi nilijidanganya zaidi ya wengine. Nilijiambia mtu anayenishinda mbio kila Jumamosi utasemaje haoni?

Jumamosi moja diski ilipokwama nikamweleza juu ya mkusanyiko.

"Kwani hii yetu imekufa?" aliuliza.

"Inakufa, baba. Na hizo mpya wanasema picha imesafishwa, majani yanaonekana jani moja moja."

"Wanasema. Anayeuza naye atasema nini?" Akaweka pedi chini. "Kahawa haipimwi kwa maneno ya mwenye kahawa. Unaleta trei mbili, unaziweka pamoja kwenye mwanga, na mpimaji haambiwi ipi ya nani. Akishachagua ndipo anaambiwa. Tufanye hivyo. Ikiwa nzuri kweli, nunua. Ikiwa ni ileile, Mpare, usinitie aibu kwa kununua kitu mara mbili."

Niliona ni busara. Kiboriloni, hatua chache kutoka sokoni, kuna mama mmoja anayekaanga chipsi mbele na kukodisha gemu nyuma, na mkusanyiko ule alikuwa nao tayari. Nikapatana naye tuje asubuhi. Ijumaa nikapanda kulala Kilema, na Jumamosi jirani aliyekuwa anapeleka ndizi sokoni alituteremsha na gari lake, mzee akiwa amevaa koti la kanisani na kofia, mimi nimepakata mashine yangu ya zamani ndani ya kikapu, nimeifunika kanga.

"Shikamoo baba, karibu," alisema mama wa chipsi. "Umemleta mjukuu kucheza?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe."

Vijana watano sita waliokuwa ndani walinyanyuka wote wakampisha. Mmoja akasema, "Oya, mzee anakamata pedi! Leo tutaona mambo." Nilijisikia fahari kama vile mimi ndiye niliyemzaa. Tukaweka runinga mbili bega kwa bega. Moja tukaunganisha mashine yangu, nyingine tukaweka mkusanyiko mpya, barabara ileile, gari lilelile jekundu. Mzee alisubiri nje, kwa amri yake mwenyewe, ili asione ipi inaunganishwa wapi.

Nitasema kweli, picha zilipotokea nilisahau upare wangu. Ile ya zamani ilikuwa uji wa kijani na kahawia, niliouzoea na kuupenda. Mpya ilikuwa na miti. Miti kweli, yenye magome. Kulikuwa na mawe pembeni ya barabara, na vumbi likipanda nyuma ya gari unaliona linavyotua. Vijana wakaanza kupiga kelele, aisee, cheki hayo mawe, hii nyingine ni nini sasa, mbona matope. Hata mama wa chipsi aliacha karai lake likiungua. Sikuona sababu ya kupima chochote, mtoto wa chekechea angechagua.

Mzee akaingia. Akasimama mbele ya runinga ya kwanza, mikono nyuma. Akahamia ya pili. Akainama karibu, akavua kofia, akarudi ya kwanza. Alikaa muda mrefu. Nilidhani anafurahia.

"Mpya ni hii," akasema.

Alikuwa ameelekeza kidole kwenye ile ya zamani.

Banda zima likalipuka kwa kicheko. Walidhani anashusha bei. "Mzee Mchagga huyu! Anaikandia ili auziwe rahisi!" Mama wa chipsi akapiga makofi, akasema baba wewe ni kiboko. Na mzee akacheka nao, akacheka kuliko wote, akasema ndiyo, nawatania, nani asiyeona. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu. Niliona kidole kile, kilichoelekea kwa uhakika kabisa, na nikaona jinsi kilivyokunjwa polepole kikarudi kwenye koti. Miaka yote ile alikuwa akinishinda kwa sikio, kwa mlio wa injini na hesabu ya kona, na mimi mwalimu mzima nikakaa pembeni yake nisijue.

Tulitoka tukaketi kwenye benchi la nje. Nikaagiza chai mbili. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili, akaacha chai ipoe.

Hapo nilikuwa na watu wawili ndani yangu. Mkamwana alisema nyamaza, mzee huyu ameshaficha, mfunikie. Lakini mimi ni mtani wake pia, na mtani ndiye anayeruhusiwa kusema lile ambalo mtoto wa kuzaa angechapwa akilisema. Mtani huingia msibani akamwambia maiti amezidi kulala, na hakuna anayemkasirikia. Nikaona nisipoutumia utani leo basi sijui waliuweka wa nini.

"Baba," nikasema, "mimi sinunui."

"Kwa nini? Vijana wamesema ni nzuri."

"Mpare hanunui picha kwa ajili ya Mchagga asiyeona. Hiyo ni hasara ya mara mbili."

Nilisubiri radi. Aligeuza uso upande wangu, na nikagundua kwamba alikuwa anautafuta uso wangu, hakuwa anauona.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Kahawa inajua, baba."

Akatikisa kichwa kwa muda. Kisha akaniambia, kwa sauti ndogo sana, kwamba anaogopa. Alisema hata sasa anamwona mke wake kama kivuli, lakini ni kivuli anachokijua, anakijua kinavyotembea kutoka jikoni. Je, wakigusa jicho, na hicho nacho kikaondoka? Bora nusu shari kuliko shari kamili, alisema. Sikuwahi kumsikia akisema anaogopa kitu. Macho yangu yalijaa, na nilishukuru kwamba hakuyaona, kisha nikajikasirikia kwa kushukuru.

"Basi ni kesi," nikamwambia. "Nimekushtaki hapahapa Kiboriloni. Unajua Mpare akifungua kesi haiachi. Nitauza ng'ombe. Nitakata rufaa mpaka kwa Askofu. Kila Jumamosi nitakaa kwenye kile kiti na sitashika pedi mpaka uende kwa daktari."

"Ng'ombe wenyewe huna."

"Nitauza wa kwako."

Alijaribu kujizuia, kikombe kikatikisika, chai ikamwagikia koti la kanisani, na hatimaye akacheka, kile kicheko cha siku ya utambulisho. Alipomaliza alijifuta uso kwa kofia akaniuliza hospitali ya mjini inawaona watu wa macho siku gani. Hakutaka wanawe waambiwe kwanza. Alitaka nimpeleke mimi.

Walimfanyia jicho moja, mchana wa siku ya kazi. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa fupi, hata mama mkwe aliyekuwa anasali rozari kwenye korido hakufika katikati. Asubuhi iliyofuata muuguzi alipotoa bandeji tulikuwa tumesimama sote miguuni pa kitanda, mume wangu, mama mkwe na mimi. Mzee alipepesa jicho. Akanitazama mimi kwanza.

"Mke wa mwanangu, umeota mvi lini?"

"Tangu nilipoanza kubishana na wewe, baba."

Akamgeukia mkewe, akamwangalia kwa muda mpaka mama akaona haya. "Wewe hujabadilika hata kidogo," akamwambia.

"Muongo," akasema mama mkwe. "Mwambieni daktari arudi, hilo jicho halijapona."

Muuguzi alicheka mpaka akakaa. Mimi na mume wangu tulitoka nje kwa kisingizio cha kutafuta maji, tukashikana pale koridoni tukicheka na kulia pamoja, na watu wakapita wakituonea huruma wakidhani tumefiwa.

Mkusanyiko niliununua jioni hiyohiyo. Wengine wameniuliza, hasa walimu wenzangu wanaojua tabia yangu, kama gemu za zamani zilizosafishwa zinastahili kununuliwa tena. Nawajibu wafanye kama wapimaji wa kahawa. Weka mbili pamoja. Kama ya zamani bado inakimbia na humo ndani hakuna kitu ulichokuwa huoni, kaa na pesa zako, ni za kwako. Kusafisha tu rangi si kazi ya kumlipa mtu mara mbili, na kati ya zile tatu ya pili walivuruga hata mlio wa injini, nilitaka kuwaandikia barua. Lakini hii ya kwanza, hii yetu, sijajuta hata siku moja.

Daktari alisema wiki kadhaa za kupumzisha jicho. Mzee alizihesabu kuliko mimi. Siku ilipofika tulipanda Kilema na mashine mpya, tukaweka viti viwili mahali pake. Runinga iligawanyika, yeye juu, mimi chini. Tukaanza. Kona ya Padri alipunguza mwendo kama kawaida na kunipita kwa ndani, na nikasema moyoni haya, tumerudi palepale, nitazeeka nikishindwa. Kisha akagonga mti. Akarudi barabarani, akagonga mwingine. Sikuelewa. Barabara aliijua kuliko njia ya kwenda shambani kwake.

"Baba, breki!"

"Nimeona. Huu mti una ndege."

Nikampita. Nilipofika kwenye daraja nikachungulia upande wake na gari lake jekundu lilikuwa limenifuata mpaka hapo, kisha likasimama. Alikuwa amelipaki katikati ya daraja. Akaligeuza taratibu, kulia, kushoto, mpaka pua yake ikaelekea chini bondeni, ambako katika gemu ya zamani kulikuwa na bluu tu iliyolala, na kwenye hii kulikuwa na mto, unapita juu ya mawe, unatoa povu.

"Maji yanatembea," alisema. "Njoo uone. Yalikuwa hapa siku zote?"

Mimi nilikuwa nimeshavuka mstari wa mwisho. Runinga iliandika kwamba nimekuwa wa kwanza, ikapiga muziki, fataki zikaruka upande wangu. Miaka yote niliyoolewa nilikuwa nimeingojea siku ile, na nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kumtambia. Niliweka pedi chini, nikasogeza kiti changu karibu na chake, tukatazama mto.